Kwa Nini Wakati Mwingine Tunafunga Huduma Usiku?

Uko Samburu, Kwale, umeuza mbuzi na unataka kumtumia mama shilingi 3,000 kule Msambweni. Saa saba usiku simu inajibu: "Huduma imesitishwa kwa muda." Pole sana. Acha tukueleze kinachoendelea.

Salio lako linakaa kwenye hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta. Daftari hili hutoka kwa matoleo, na matoleo hayafanani. Chukua MySQL, inayotumika sana duniani. Kabla ya toleo 8.0.16 la mwaka 2019, ukiiandikia sheria kwamba "salio lisishuke chini ya sifuri," iliipokea bila neno, halafu haikuifuata! Matoleo ya baadaye yanaifuata.

Kwa hivyo programu lazima iulize kwanza: "Wewe ni toleo gani?" Django, zana ya kuundia tovuti, huuliza hivyo, na ikikuta la zamani humwonya fundi kwamba sheria haitawekwa. Hapo fundi aandike ukaguzi wake mwenyewe. Akisahau, mtu anaweza kutoa pesa ambazo hana.

Ndiyo maana tukibadilisha toleo tunafunga kwanza, tunakagua, halafu tunafungua.

Wewe ufanye nini?

- Muamala ukikwama, usitume tena haraka.
- Angalia salio na taarifa fupi kwanza. Pesa ikiwa imetoka, subiri meseji.
- Akipigia mtu akitaka PIN "kurekebisha mitambo," kata simu. Kubadilisha toleo hakuhitaji PIN yako, hata siku moja.