Kofia ngumu kwanza, ubao baadaye

Mzazi, mwanao akikuomba ubao wa magurudumu, usikimbilie kumkatalia. Mnunulie kwanza kofia ngumu. Mwaka 2020 Sky Brown wa Uingereza, akiwa na miaka 11, alianguka mazoezini nchini Marekani, akavunjika fuvu na mkono. Alisema kofia ilimwokoa. Mwaka uliofuata alitwaa medali ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo.

Kofia ifunike paji la uso, ikiacha upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na kamba ifungwe kidevuni. Ongeza vikinga vya mikono, viwiko na magoti. Barabarani pasiwe uwanja wake.

Akigonga kichwa, kisha akatapika, akachanganyikiwa, akasinzia kupita kawaida au akazimia, usisubiri kupambazuke, mwahishe hospitali. Kiwiko au kifundo cha mkono kikivimba, usimpeleke kukandwa. Mifupa yake ingali inakua, apigwe eksirei.