Protini Walezi na Mtetemeko wa Wazee

Kila protini mwilini huanza kama mnyororo mrefu wa asidi za amino, na nyingi haziwezi kufanya kazi yao mpaka mnyororo huo ujikunje na kupata umbo linalostahiki. Kwa kuwa ndani ya seli mna msongamano mkubwa, mnyororo huweza kujikunja vibaya au kugandana na mingine, na hapo ndipo zinapohitajika shaperoni, yaani protini walezi, ambazo huushika mnyororo mchanga, huukinga, kisha huuachia, kama somo amwelekezavyo mwari pasipo somo mwenyewe kuolewa. Nyingi kati yake huitwa protini za mshtuko wa joto, kwani mwaka 1962 Mwitalia Ferruccio Ritossa aliripoti kwamba joto likizidi, jeni fulani za nzi wa matunda huamka.

Katika ugonjwa wa Parkinson, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kurundikana katika seli za ubongo zitengenezazo dopamini, kemikali inayoratibu mwendo, na kadiri umri unavyosonga ndivyo walezi hao wanavyoelemewa. Seli hizo zikifa, mkono hutetemeka hata ukiwa umetulia juu ya goti, hatua hufupika, na kifungo cha kanzu huwa kazi ya asubuhi nzima. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba nzi waliotiwa alfa-sinukleini ya binadamu hawakupoteza seli hizo walipoongezewa shaperoni iitwayo Hsp70. Lakini nzi si binadamu, na dawa ya Parkinson ya namna hiyo bado haijaidhinishwa.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu zaidi ya 161,000, waliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, wengi wao wakiwa hawajawahi kutambuliwa. Huko Matuga, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, nako si ajabu mtetemeko ukaitwa uzee, au jini. Kwa upande wa tiba, mbegu za upupu, mmea unaoogopwa kwa mwasho wa maganda yake, zina levodopa, dutu ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Hata hivyo kujitibu kwa upupu ni hatari, maana kipimo chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na levodopa, iwe ya shambani au ya duka la dawa, huziba pengo la dopamini tu bila kuizuia alfa-sinukleini isirundikane. Mzee anayetetemeka mkono ukiwa umetulia apelekwe akaonwe na daktari, Kwale au Msambweni, kabla ya kutafutiwa mganga.