Kura za maoni za vyama (Tanzania)

Kura za maoni za vyama nchini Tanzania ni uchaguzi wa ndani ambao wanachama au wajumbe wa chama cha siasa hupendekeza nani awe mgombea wao wa udiwani au ubunge. Zisichanganywe na kura ya maoni ya wananchi wote, kama ile ya Zanzibar ya tarehe 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa.

Uandikishaji wa wapiga kura

Anayejiandikisha katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura haulizwi chama chake. Hutakiwa kuwa raia mwenye umri wa miaka 18, au atakayeufikisha kabla ya uchaguzi. Mkulima wa mboga wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, hupewa kadi ileile ya mpiga kura, awe na chama au asiwe nacho. Kadi ya chama hutolewa na chama chenyewe, na haihitajiki katika kituo cha kupigia kura.

Nchi nyingine hufanya tofauti. Katika jimbo la New York, Marekani, mpiga kura hutaja chama anapojiandikisha. Asiyetaja hashiriki katika mchujo wa chama.

Nani hupiga kura za maoni

Katika uchaguzi wa 1965, wakati wa chama kimoja, Halmashauri Kuu ya TANU iliteua wagombea wawili kwa kila jimbo, wenye alama za jembe na nyumba. Wapiga kura wote, hata wasio wanachama, walichagua mmoja wao.

Baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, uchaguzi kati ya wanachama wa chama kimoja ulihamia ndani ya chama. Katika Chama Cha Mapinduzi (CCM), wanachama wote waliruhusiwa kupiga kura za maoni za ubunge mwaka 2010. Mwaka 2020 walipiga wajumbe tu. Matokeo si ya mwisho, kwa kuwa vikao vya juu vya chama vinaweza kumteua mwingine badala ya aliyeongoza.

Athari kwa mpiga kura

Pale ambapo chama kimoja kina nguvu sana, mshindi huweza kujulikana tangu kura za maoni, na asiye mwanachama huwa hakushirikishwa. Hata hivyo, katika uchaguzi mkuu kila mpiga kura yuko huru: mwaka 2015 jimbo la Mikumi, mkoani Morogoro, lilimchagua Joseph Haule (Profesa Jay) wa CHADEMA.

Mgombea binafsi

Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Christopher Mtikila alipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja yake, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba sharti hilo linakiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake.