X moja hulala: kwa nini damu ya mama inaweza kukipita kipimo

Kwa Wairaqw wa Mbulu na Wadatoga wa Hanang, mtoto ni wa ukoo wa baba. Ndani ya seli hesabu ni nyingine. Mvulana, awe wa Dongobesh au wa Katesh, kromosomu yake ya X ameipata kwa mama peke yake. Baba alimpa Y. Binti ndiye mwenye X mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na mwili wake ulilazimika kuzipatanisha akiwa bado kiinitete kichanga tumboni.

X hubeba jeni zipatazo 800 zenye maagizo ya kutengeneza protini, ilhali Y inazo chache mno. X zote mbili zikifanya kazi kwa nguvu zote, kiasi cha protini hizo huvuruga ukuaji. Viinitete vya panya wa kike vinavyoshindwa kuizima moja hufa. Ndiyo maana katika kila seli ya mwanamke X moja hunyamazishwa. Kazi hiyo huanzishwa na jeni iitwayo XIST, iliyotambuliwa mwaka 1991. RNA yake, yaani nakala ya jeni hiyo, huivaa kromosomu ileile ilikotoka na kuifunga, isipokuwa jeni chache zinazobaki macho.

Aliyelieleza jambo hili kwanza ni Mary Lyon wa Uingereza, mwaka 1961, kwa kuchunguza rangi za manyoya ya panya. Kila seli huchagua kwa bahati X ya kuzima, na ikishachagua, seli zote zinazozaliwa nayo hufuata uamuzi huo maisha yote. Kwa hiyo mwili wa mwanamke ni mchanganyiko, kama shanga za rangi mbili zilizotungwa bila mpangilio: seli hii inatumia X ya baba, jirani yake inatumia ya mama.

Mwaka huohuo, ambao ndio wa Uhuru wetu, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, na David Clyde walichapisha utafiti wao kuhusu malaria kwa watoto wa Kiafrika wenye upungufu wa G6PD. Hiki ni kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu zisiharibike, na jeni yake imekaa kwenye X. Watu wapatao milioni 400 duniani wana upungufu huo, wengi wao katika nchi ambazo malaria imekaa karne nyingi. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake nchini Marekani wakaonyesha kwamba mwanamke aliyerithi jeni moja nzima na moja pungufu ana chembe za aina mbili katika damu moja. Wazo la Lyon likapata ushahidi kwa binadamu.

Jambo hili lina uzito kwa kila zahanati. Mvulana aliyerithi jeni pungufu, chembe zake zote ni pungufu, na kipimo humwona mara moja. Dada yake mwenye jeni moja pungufu anaweza kuwa na nusu ya chembe pungufu, au robo, au karibu zote, kulingana na bahati ya siku zile za mwanzo tumboni. Kwa miaka mingi mwanamke huyo ameitwa mbebaji tu, kana kwamba yeye mwenyewe hadhuriki. Si kweli. Kipimo cha kawaida cha doa linalong'aa huwatambua wale ambao kimeng'enya chao kiko chini ya takriban asilimia 30. Mama mwenye asilimia 50 huambiwa ni mzima. Akipewa dapsoni, dawa inayotumika kutibu ukoma, au primakwini ya malaria kwa siku nyingi, sehemu kubwa ya chembe zake inaweza kupasuka, akapungukiwa damu. Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo.

Mchanganyiko huo una faida pia. Mwaka 2015 Alphaxard Manjurano na wenzake walionyesha, kwa utafiti uliofanyika Tanzania, kwamba aina za Kiafrika za upungufu wa G6PD zinahusiana na kinga dhidi ya malaria kali kwa wasichana wenye jeni moja pungufu. Bila kunyamazishwa kwa X, matokeo hayo hayaeleweki.

Swali la lini hasa X huzimwa bado linawashughulisha wanasayansi, na hapa panya walitupotosha kidogo. Kwa panya, X ya baba huzimwa kwanza, kisha huamshwa ndipo bahati ifanye kazi. Mwaka 2011 Ikuhiro Okamoto, Edith Heard na wenzao waligundua kwamba katika kiinitete cha binadamu XIST huonekana kwenye X zote mbili, na bado zote zinafanya kazi. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichunguza seli zaidi ya 1,500 kutoka viinitete 88 vya binadamu wakaona X zote mbili zikipunguza kasi pamoja kabla ya uamuzi wowote. Mwaka 2021 Okamoto alirudi na utafiti kuhusu kima wa Asia, wa familia moja na nyani na tumbili tunaowajua huku kwetu. Kima hao wanatufaa kuliko panya tunapotaka kujua yanayompata binadamu.

Katika maabara, seli shina za kike za binadamu (zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zikikuzwa muda mrefu mara nyingi hupoteza XIST, na ile X iliyolala huanza kuamka kidogokidogo. Anayezitumia kupima dawa bila kulikagua hilo anaweza kupata jibu lisilomhusu mwanamke halisi.

Nawaomba wazazi wa Haydom, Endasak, Bassotu na kwingineko: mtoto mchanga akiwa na macho au ngozi ya manjano, dalili ambayo upungufu wa G6PD unaweza kuileta, hasa ndani ya saa 24 za kwanza, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kumwanika juani hakutoshi. Nguo zake msizihifadhi na naftalini, maana huharibu chembe za mwenye upungufu huu. Dawa mseto ya malaria msiiache, haina tatizo hapa. Na mama ambaye mwanawe wa kiume amepatikana na upungufu wa G6PD amweleze mhudumu kabla ya kuandikiwa dawa, hata kama yeye mwenyewe aliwahi kuambiwa ni mzima. Hospitali zetu nazo zinahitaji vipimo vinavyotoa kiwango cha kimeng'enya kwa asilimia, kwa sababu kile cha ndiyo au hapana kinawapita wanawake wengi.