Gemu Umeilipia, Lakini Ufunguo Anao Nani?

Ukinunua gemu ya kucheza peke yako, bila kushindana na mtu mtandaoni, unatarajia kuicheza utakapo. Lakini zipo gemu ambazo hazifunguki bila intaneti. Kila unapocheza, gemu huwasiliana na seva za kampuni kuthibitisha kwamba nakala yako ni halali. Mawasiliano yakikatika, mchezo umekwisha.

Kampuni zinasema zinajikinga na wezi. Gemu kubwa huchukua miaka na mamilioni kutengenezwa, na nakala za wizi huzagaa upesi. Hoja hiyo ina uzito. Je, ni nani anayeumia?

Machi 2010, kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa Assassin's Creed II ya kompyuta ikiwa na kinga hiyo. Siku chache baadaye seva zikazidiwa, na wateja waliolipa wakafungiwa nje. Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity ya Electronic Arts: wanunuzi walikaa wakisubiri seva zilizolemewa. Mwaka mmoja baadaye kampuni ikaruhusu ichezwe bila intaneti. Kumbe iliwezekana! Mwizi naye, akishapata nakala iliyovunjwa kinga, hacheleweshwi na seva yoyote. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Tatizo kubwa zaidi ni siku seva zinapozimwa kabisa. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024. Hata aliyekuwa akiendesha peke yake akaachwa mikono mitupu. Hapo ndipo Ross Scott alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na mwaka 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likapita sahihi milioni 1. Linataka kampuni ikiacha kuhudumia gemu, iiache ikiwa bado inachezeka. Kampuni zinajibu kwamba hilo ni gharama.

Kwetu Pwani jambo hili si la mbali. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima. Na hata nyaya zikiwa nzima, bando huisha.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, soma masharti. Ukiona gemu ya mtu mmoja inadai intaneti kila wakati, jua umeuziwa ruhusa, na aliyeitoa anaweza kuichukua.