Mitupo 28 ya Vijana wa El Paso

Wanangu, mwaka 1966 mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani ulikuwa na kanuni moja ambayo usingeikuta katika kitabu chochote cha sheria za mchezo. Kila kocha aliijua. Ukiwa na wachezaji weusi, usiwaingize wote kwa pamoja. Wawili mkicheza nyumbani, watatu mkienda ugenini, labda wanne mkiwa mmezidiwa na dakika zinakwisha. Watano, hapana. Lazima Mzungu mmoja abaki uwanjani.

Ukiuliza kwa nini, ulipewa jibu ambalo naomba mlishike vizuri, maana hadithi yote inalitegemea. Walisema kijana mweusi ana mbio na anajua kuruka, ila hana utulivu. Mechi ikikaza, walidai, atapaparika, atausahau mpango wa kocha na kuupoteza mpira. Kwa hiyo lazima awepo Mzungu wa kuwatuliza wenzake.

Na hiyo ndiyo ilikuwa nafuu, kwa sababu vyuo vikubwa vingi vya kusini havikumchezesha mweusi hata mmoja. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Mississippi State, ambacho timu yake ilikuwa ya Wazungu watupu, kilipangiwa kucheza na Loyola ya Chicago, iliyokuwa ikianza na weusi wanne. Amri ya mahakama ikatoka kuizuia timu ya Mississippi isiondoke jimboni. Vijana wale ilibidi watoke kwa siri, wakakwepa amri, wakaenda kucheza mchezo wao. Walifungwa, na Loyola ikaendelea hadi ikatwaa ubingwa wa taifa. Wanne walikuwa wameonekana. Wa tano bado.

Sasa twende El Paso, magharibi kabisa mwa jimbo la Texas, mji wa jangwani. Ukivuka mto Rio Grande tu umeingia Meksiko. Hapo palikuwa na chuo kilichoitwa Texas Western, ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Watu wengi wa mbali hawakuwahi hata kukisikia. Lakini tangu 1956, chuo hicho kilikuwa kimempokea mchezaji mweusi katika timu yake, wakati majirani zake wa kusini hawakutaka hata kulisikia jambo hilo.

Mwaka 1961 chuo kiliajiri kocha mpya, Don Haskins. Huyu bwana alikuwa ametoka kufundisha shule za sekondari katika miji midogo ya Texas, wavulana na wasichana. Alikuja na mkewe na watoto wao, na familia nzima ikapewa makazi ndani ya bweni la wanafunzi wa kiume, ili yeye awe pia msimamizi wa bweni. Fikirieni, kocha wako wa kikapu ndiye huyo huyo anayejua umerudi saa ngapi usiku! Watu walimwita Dubu, kwa umbo lake na kwa jinsi alivyokuwa akinguruma mazoezini.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Henry Iba, kocha maarufu wa Oklahoma aliyeamini kwamba mechi hushindwa kwa kukaba. Haskins akalibeba somo hilo mpaka El Paso. Kwenye mazoezi yake, kutia mpira kikapuni lilikuwa jambo la baadaye. Kwanza ujifunze kuinama, magoti yakunjwe, mikono wazi, miguu isogee ubavu kwa ubavu bila kupishana, na macho yako yawe kwa mtu unayemkaba. Halafu rudia, na urudie tena, mpaka mapaja yawake moto. Kijana aliyezoea kuonyesha madoido mitaani kwao aliambiwa ayaache nje ya mlango.

Vijana wenyewe walitoka mbali. Bobby Joe Hill, mpanga mashambulizi mwenye mikono myepesi, alitoka upande wa Detroit. Orsten Artis na Harry Flournoy walitoka Gary, mji wa viwanda vya chuma kule Indiana. Willie Worsley, Nevil Shed na Willie Cager walitoka New York. David Lattin, kijana mwenye mwili wa nguvu ajabu, alitoka Houston, na kwa sababu alikuwa mweusi, vyuo vikubwa vingi vya jimbo lake mwenyewe havikuwa na nafasi yake. Hao ni saba. Timu ilikuwa na wengine watano, Wazungu na kijana mmoja wa asili ya Meksiko, nao walisaga miguu mazoezini sawasawa na wenzao.

Msimu wa 1965–66 ulipoanza, hakuna aliyewatabiria makubwa. Wakashinda mechi ya kwanza, wakashinda ya pili, wakaendelea hivyo hivyo hadi wakafikisha mechi 23 bila kufungwa. Tarehe 5 Machi, katika mchezo wa mwisho wa ratiba ya kawaida, wakafungwa na Seattle kwa pointi mbili tu, 74 kwa 72. Siku hiyo hiyo timu nyingine iliyokuwa haijafungwa, Kentucky, nayo ikapoteza mbele ya Tennessee. Timu mbili zilianguka siku moja, na wiki mbili baadaye zitakutana. Mimi ningekuwa mtunzi wa hadithi ningeogopa kuipanga hivyo.

Baada ya hapo huja mashindano ya taifa, na ni ya mtoano: ukifungwa mara moja, unafunga mizigo kurudi nyumbani. Texas Western wakaitoa Oklahoma City. Kisha wakakutana na Cincinnati, na hapo Shed akapandwa na hasira, akarusha ngumi na kutolewa mchezoni. Mechi ikaingia dakika za nyongeza. Aliyewaokoa ni Cager, kijana aliyekuwa na tatizo la moyo, ambaye katika dakika hizo ndiye alifunga pointi nyingi za timu yake. Wakashinda 78 kwa 76.

Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Kansas, nao ndio waliokaribia kabisa kuizima hadithi yetu. Dakika za kawaida zikaisha sare, wakaingia za nyongeza. Sekunde za mwisho kabisa, Jo Jo White wa Kansas akauchukua mpira pembezoni mwa uwanja, mbali na kikapu, akaruka, akaachia. Mpira ukasafiri, ukatumbukia. Watu wa Kansas wakaanza kushangilia, maana walidhani wamekwishashinda. Lakini refa aliyekuwa karibu na White alisema hapana, kisigino chake kilikanyaga mstari wa pembeni. Kikapu kikafutwa. Wakaongezewa dakika nyingine, na safari hii Texas Western wakatoka na ushindi wa pointi moja, 81 kwa 80. Unyayo mmoja, wanangu! White angesimama inchi chache tu ndani ya mstari, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Kwenye nusu fainali wakaifunga Utah. Fainali ikapangwa tarehe 19 Machi 1966, katika ukumbi wa Cole, Chuo Kikuu cha Maryland.

Wapinzani walikuwa Kentucky, timu namba moja nchini. Kocha wao, Adolph Rupp, alikuwa na chuo hicho tangu 1930 na alishatwaa ubingwa wa taifa mara nne. Wachezaji wake wote walikuwa Wazungu, na ligi yote ya kusini-mashariki waliyokuwa wakicheza haikuwa imewahi kumwona mchezaji mweusi wa kikapu. Nasema hivi si kwa kuwasuta vijana wale. Walikuwa wachezaji hodari. Mmoja wao, Pat Riley, baadaye akawa kocha mkubwa wa ligi ya kulipwa. Wao ndio waliolikuta jambo hilo hivyo. Wakubwa wao ndio waliolipanga.

Haskins akatangaza watano wake wa kuanza: Hill, Artis, Worsley, Flournoy, Lattin. Wote weusi. Haikuwa imewahi kutokea katika fainali ya vyuo. Zaidi ya hapo, alimweka benchi Shed, aliyekuwa mrefu, akamwanzisha Worsley, mfupi kuliko wote, kimo chake kama sentimita 168, kwa sababu Kentucky walikuwa wepesi na alitaka miguu ya kuwakimbiza. Miaka yote iliyofuata Haskins alisema kwamba alichagua tu wale waliokuwa wakicheza vizuri zaidi. Mimi namwamini, na naona jibu hilo ni zito kuliko hotuba yoyote ambayo angeweza kuitoa.

Mchezo ulipoanza tu, Lattin akaupokea mpira chini ya kikapu, akaruka na kuupigilia ndani ya pete juu ya kichwa cha Riley. Ukumbi ulishtuka. Hilo linakumbukwa sana, na kwenye simulizi nyingi ndilo linalotangulia. Flournoy naye akaumia mapema, akatoka.

Lakini mtazameni Bobby Joe Hill. Katikati ya kipindi cha kwanza, mlinzi wa Kentucky anaudunda mpira akivuka nusu ya uwanja. Hill ameinama mbele yake, magoti yamekunjwa, vile vile alivyochoshwa kufanya mazoezini. Mkono unachomoka, mpira umekwenda, Hill anakimbia peke yake na kufunga. Kentucky wanaanza upya, mlinzi mwingine anapanda na mpira. Hill yule yule, mkono ule ule. Amemnyang'anya huyu naye, na amefunga tena. Mara mbili mfululizo, ndani ya sekunde chache. Kuanzia hapo Texas Western hawakuachwa nyuma tena usiku ule.

Hadi mapumziko ilikuwa 34 kwa 31. Kipindi cha pili Kentucky wakasogea hadi tofauti ikabaki pointi moja tu. Hapa ndipo penyewe. Ile sababu ya wakubwa, kwamba mechi ikikaza kijana mweusi atapaparika, sasa imefika saa ya kupimwa mbele ya taifa zima.

Lazima niwaeleze jambo hapa. Mwaka 1966 hapakuwa na vikapu vya pointi tatu, wala saa ya kukulazimisha urushe mpira haraka. Timu iliyokuwa mbele ingeweza kuushika mpira na kupigiana pasi, na timu iliyo nyuma ikabaki kuwafukuza na kufanya faulo. Ukifanyiwa faulo unapewa mitupo huru. Unasimama mstarini mwenyewe, hakuna anayekukaba, maelfu wanapiga kelele ili ukose, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa kusoma kwa sauti. Na kwa faulo nyingi sheria ya wakati huo ilisema ukikosa mtupo wa kwanza, hupewi wa pili. Mbio hazikusaidii hapo, wala kuruka. Unachohitaji ni pumzi iliyotulia na mkono usiotetemeka.

Texas Western walirusha mitupo 34 kutoka mstari ule. Walitia 28.

Mechi ikaisha 72 kwa 65. Ukitazama hesabu, Kentucky ndio waliofunga vikapu vingi zaidi vya uwanjani, 27 dhidi ya 22. Walichozidiwa ni mitupo huru, kwani wao walipata 13 tu na kutia 11. Vijana ambao walisemwa hawana utulivu walitwaa ubingwa wa Marekani mahali panapodai utulivu kuliko pote uwanjani. Kila nikiisoma hesabu hiyo nasisimka. Kule kupigilia mpira kwa Lattin kulikuwa kuzuri, lakini mtu aliyeamini uzushi ule angeweza kusema, "Si niliwaambia wanajua kuruka?" Kwenye mitupo 28 hakuwa na la kusema.

Hill aliongoza kwa pointi 20, Lattin 16, Artis 15. Pointi zote 72 zilifungwa na wale saba weusi, kwa sababu hao tu ndio Haskins aliowaingiza. Mwisho wa mchezo bingwa hupanda ngazi kukata wavu wa kikapu aende nao nyumbani kama kumbukumbu. Usiku ule ngazi haikuletwa. Basi Shed akambeba Worsley, mrefu akamwinua mfupi, na wavu ukakatwa.

Yaliyofuata hayakuwa sherehe tupu. Haskins alimiminiwa barua za matusi, na ziliendelea kuja muda mrefu kiasi kwamba kuna wakati alisema heri asingeshinda. Ila makocha wa kusini walikuwa wameona kwa macho yao. Msimu wa 1967–68 Perry Wallace aliichezea Vanderbilt, akawa mweusi wa kwanza kucheza kikapu katika ligi ile ya akina Kentucky, huku akizomewa na kutemewa maneno karibu kila alikokwenda ugenini. Kentucky yenyewe ilichelewa zaidi. Mweusi wa kwanza kusajiliwa na Rupp alikuja mwaka 1969. Na Nolan Richardson, kijana mweusi wa El Paso aliyekuwa akiichezea Texas Western Haskins alipofika, mwaka 1994 alitwaa ubingwa wa taifa akiwa kocha wa Arkansas, timu ya kusini hasa.

Mwaka 2006 ilitoka filamu juu ya msimu huu, *Glory Road*. Mkiipata itazameni, lakini mjue imefupisha mambo kidogo: humo Haskins anaonekana kama kocha mgeni anayetwaa kombe mwaka wake wa kwanza. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa amekwishaijenga timu kwa miaka mitano, mazoezi baada ya mazoezi. Mwaka uliofuata filamu hiyo, timu nzima iliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu kule Springfield, Massachusetts. Waliingizwa wachezaji wote 12, pamoja na wale watano ambao usiku wa fainali hawakuinuka benchi.