Tairi Limesema Nini?

Sogeeni hapa, wanangu. Gari la mama yenu limefika. Ni jipya kwetu, maana huko Japani limeshatembea miaka yake. Limevuka bahari kwa meli, limeteremshwa bandarini Dar es Salaam, na sasa hilo hapo uani. Najua mnataka kupanda. Lakini kwanza upepo.

"Upepo wa nini, Mjomba? Mbona matairi yamejaa?"

Swali zuri sana hilo! Watu wazima wengi hawaliulizi. Wanatazama tu, wanaridhika, wanawasha gari. Lakini jicho hudanganya. Tairi linaweza kupungukiwa upepo mwingi na bado ukaliona limesimama vizuri. Tuliulize lenyewe.

"Watu husema mimi ndiye ninayebeba gari," linasema tairi la mbele. "Si mimi. Unaobeba ni upepo ulio ndani yangu. Kazi yangu ni kuuzuia usitoroke. Nao hutoroka! Hata nikiwa mzima, bila pancha, kila mwezi hupungua kama PSI 1 au 2 kwenye kipimo cha upepo. Nimekaa melini, nimekaa bandarini. Nani amenipima?"

"Ukipungua kuna ubaya gani, Mjomba?"

Mnakijua kitanda cha kamba cha bibi? Kamba zikilegea, unazama katikati na mbao za pembeni zinakuumiza. Zikikazwa mno, unalala kama juu ya ubao. Tairi nalo ni hivyo hivyo. Upepo ukiwa mdogo, linabonyea, na pembe zake mbili zinalika. Kuta zake zinajikunja kila linapozunguka. Zinajikunja, zinapata joto. Zinajikunja, zinazidi joto. Gari likikimbia barabara kuu mchana wa jua, tairi la namna hiyo linaweza kupasuka. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi. Upepo ukizidi, tairi linavimba, linagusa barabara kwa katikati tu, na huko ndiko linakolika.

"Basi tujaze ngapi? Hii namba iliyoandikwa kwenye tairi?"

Umeona mbali, mwanangu, kuitafuta namba! Ila hiyo ni mwisho wa uwezo wa tairi, si kiasi cha gari hili. Fungueni mlango wa dereva. Tazameni kwenye nguzo, chini kidogo. Kuna kibandiko. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile zetu. Someni: 220. Hiyo ni kPa, kipimo kingine cha upepo, na geji yetu inasoma PSI. Gawanyeni kwa 7, mtapata 31 na kitu. Hesabu kamili ni karibu 32. Tazameni pia ukubwa wa tairi ulioandikwa hapo. Kama matairi yaliyofungwa ni ya ukubwa mwingine, tutamwuliza fundi kabla ya kuifuata namba hiyo.

"Tupime sasa hivi?"

Hapana. Gari limetoka bandarini sasa hivi, matairi yana moto. Upepo ukipata joto, unasukuma zaidi. Geji itasema unatosha, kumbe hautoshi. Lipumzike kwa saa 3 au zaidi. Tutapima alfajiri, kabla halijatembea.

Haya, kumekucha. Fungua kifuniko cha vali. Bandika geji, ikandamize wima. *Pss*, kisha kimya. Ukisikia *psss* isiyokoma, hujabandika sawasawa.

"Ishirini na sita, Mjomba!"

Umeona? Jana mlisema limejaa. Sasa paka mate kidogo mdomoni mwa vali. Povu likichomoza, vali inavuja. Halichomozi? Vizuri. Twende sheli ya hapo karibu, polepole, tukajaze mpaka 32. Kisha rudisheni vifuniko, vumbi lisiingie kwenye vali.

"Tumemaliza?"

Bado. Inueni zulia la buti. Mnaliona lile tairi jembamba?

"Na mimi je?" linauliza stepni.

Wengi hulisahau hilo. Wanalikumbuka siku ya pancha, njiani, usiku, na wanalikuta limelala. Someni ubavuni mwake: 420 kPa. Hiyo ni kama PSI 60, karibu mara mbili ya wenzake. Ni jembamba, kwa hiyo linahitaji upepo mkali ili libebe uzito ule ule. Nani anashika geji sasa?

"Mimi, Mjomba!"

Haya, fungua kifuniko.